Najisi isiwe kisingizio cha dhulma

Lipo swali ambalo Waislamu wengi wanaoishi Ulaya hulimaliza kwa kicheko. Mtu anapokualika matembezi ya shamba, yeye na mbwa wake, uende au usiende? Na ukienda, ukaona raha, je, umekosea? Hapo mtu husema, "Wazungu bwana!" na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi naona swali hili ni zito kuliko linavyochukuliwa, na linatuhusu hata sisi tuliopo Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambao hakuna atakayetualika matembezi ya namna hiyo.

Niliishi miaka michache Sheffield, mji wa kaskazini mwa Uingereza uliojipatia jina kwa viwanda vya chuma. Kwa upande wa magharibi mji huo unapakana na Peak District, nchi ya vilima na nyika ambayo mwaka 1951 ilifanywa hifadhi ya taifa ya kwanza nchini humo. Msomaji asifikirie hifadhi kama Mikumi. Mle watu wanaishi, wanalima, wanafuga kondoo na ng'ombe, na njia za miguu zinapita katikati ya mashamba yao kwa haki ya kisheria. Haki ya kutembea huko haikuletwa na hisani ya matajiri. Aprili 1932 mamia ya vijana wafanyakazi wa Manchester na miji ya jirani walipanda mlima wa Kinder Scout bila idhini ya wenye ardhi, waliokuwa wameuhodhi kwa ajili ya kuwinda ndege. Baadhi yao walifungwa jela. Ilipofika mwaka 2000 ndipo ikapitishwa sheria iliyowafungulia wananchi wa England na Wales sehemu kubwa ya nyika na milima.

Jirani yangu alikuwa mstaafu aliyefiwa na mkewe, naye alikuwa na mbwa mweusi mwenye mabaka meupe, wa ile jamii ya mbwa wa kuchungia kondoo. Nilimwita jirani huyo Mzee kwa mazoea ya kwetu, na nilipomweleza maana yake akalipenda jina. Aliponialika nilimwambia wazi kwamba mimi ni Muislamu, na kwamba mate ya mbwa yakinigusa yananiletea kazi kabla ya swala. Hakukasirika. Aliuliza tu upande gani niende mimi na upande gani aende mbwa.

Kilichonishughulisha zaidi katika matembezi yale hakikuwa mandhari, ingawa mandhari yapo. Chini ya jabali refu la Stanage yamelala mpaka leo mawe ya kusagia nafaka yaliyochongwa kisha yakaachwa biashara yake ilipokufa, na mwezi wa Agosti vichaka vya nyika huchanua zambarau mpaka upeo wa macho. Kilichonishughulisha ni namna Mzee alivyoichagua njia. Mbwa wake alikuwa ameshazeeka. Basi usiku wa kuamkia matembezi Mzee hutandaza ramani mezani na kuanza kuhesabu: njia hii ina ngazi za mawe za kuvukia kuta, miguu yake haiwezi; hii ina shamba lenye ng'ombe walio na ndama, hatupiti; hii haina kijito, atapata kiu; hii ina lami ndefu, jua litamchoma nyayo. Njia iliyobaki ndiyo tunayokwenda, hata kama nzuri zaidi zimeachwa.

Nilikumbuka imamu. Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza wanaoswalisha watu wafupishe, kwa kuwa nyuma yao wapo wazee, wagonjwa na wenye shida zao. Mwendo wa jamaa hupimwa kwa aliye dhaifu kuliko wote. Sisemi mbwa ni maamuma, Allah atuepushe na upuuzi. Nasema kwamba yule mzee asiyejua swala alikuwa akiifanya kila Jumamosi adabu ambayo maimamu wetu wengine wanakumbushwa kila mwaka na bado hawasikii.

Sasa tuje kwenye hukumu. Mimi si sheikh, na haya nayasema kama msomaji wa vitabu tu. Sisi wa mwambao ni Shafii, na katika madhehebu yetu mbwa ni najisi nzito. Unyevu wake ukikugusa, pahali hapo huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Lakini vitabu hivyo hivyo vinasema kikavu kikigusa kikavu hakuna kilichonajisika. Wamaliki wanasema mbwa aliye hai ni tohara, na kuosha chombo alichokiramba ni ibada tu. Wahanafi walio wengi wamelisimamisha suala kwenye mate. Wote hawa ni maimamu wetu, na wote walizungumza juu ya twahara. Hakuna aliyeandika kwamba najisi ni sababu ya kumpiga jiwe kiumbe. Damu ni najisi pia, na hatumchukii mgonjwa anayetoka damu.

Kuhusu kumfuga, hadithi iko wazi kwamba anayeweka mbwa asiyekuwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba, hupungukiwa na thawabu zake kila siku. Mimi siikwepi hadithi hiyo na simshauri mtu alete mbwa nyumbani ili amkumbatie kwenye kochi. Ila kufuga ni jambo moja, na kumtendea mema mbwa uliyekutana naye ni jambo jingine. Qur'an yenyewe imehalalisha nyama iliyokamatwa na mbwa waliofundishwa kuwinda (5:4). Na katika Surat al-Kahf wale vijana waliokimbia na dini yao hawakwenda peke yao. Mbwa alifuatana nao, akanyoosha miguu yake ya mbele kizingitini mwa pango (18:18). Watu wanapobishana juu ya idadi yao, kila idadi inayotajwa mbwa anahesabiwa pamoja nao (18:22). Hiyo nayo ilikuwa safari ya kwenda milimani na mbwa, na Mola wetu hakuona aibu kuitaja.

Wazee wetu katika elimu nao hawakuona aibu. Ibn al-Marzuban, mwanachuoni wa Baghdad aliyefariki mwaka 309 Hijria, alitunga kitabu kizima alichokiita kwa maana ya ubora wa mbwa juu ya wengi waliovaa nguo. Jina hilo peke yake linatosha kuwauma watu.

Hapa ndipo ninapokutana na hoja ya bi mkubwa mmoja wa Unguja aliyekuwa akiishi mtaa wa pili pale Sheffield. Aliposikia ninakwenda matembezi na mbwa alinishika mkono. "Mwanangu," akasema, "hawa mbwa wao wanawapeleka kupunga hewa, na mama zao wamewatia nyumba za wazee. Hebu niambie, hiyo huruma au maradhi?" Kila aliyeishi Ulaya ameisikia hoja hii, na mara nyingi huandikwa katika kurasa kama hizi. Ina ukweli ndani yake. Nimeona wazee wasiotembelewa na mtu kuanzia mwezi mpaka mwezi. Lakini nilimjibu kwa adabu, "Shikamoo bibi, na sisi je? Sisi mama zetu tunao nyumbani, alhamdulillahi. Basi huyo mbwa wa jirani aliyefungwa mnyororo jua zima amekosa nini?" Aibu ya mwenzako haikulipii deni lako. Mtu akipunguza haki ya mzazi, hilo ni lake mbele ya Mola wake, wala halinipi mimi ruhusa ya kupunguza haki ya mnyama.

Na mnyama anayo haki. Tunazijua hadithi mbili na tunazisimulia watoto. Ya kwanza ni ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akakibana kwa meno akapanda, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe. Ya pili ni ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Hii ya pili huwa tunaisoma mbio. Kosa la mwanamke yule limetajwa kwa sehemu mbili: hakumlisha, na hakumwachia akajitafutia chakula katika ardhi. Kwa maneno mengine kulikuwa na milango miwili ya kumwokoa, na mmoja wapo ulikuwa ni kumfungua tu aende.

Atakayesema kwamba mbwa wake anakula vizuri, kwa hiyo hadithi haimhusu, nitamkubalia nusu. Haimhusu moja kwa moja. Lakini asome pia aliyoyaandika Izzuddin bin Abdissalam, Mshafii mkubwa aliyefariki mwaka 660 Hijria, alipozitaja haki za wanyama juu ya mwanadamu. Alisema mnyama alishwe hata akizeeka au akiugua asiwe na faida tena, asibebeshwe asichokiweza, pahali pake pa kupumzikia patengenezwe vizuri, asichanganywe na wanaomuumiza. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka mia saba iliyopita na mtu wa madhehebu yetu, aliyejua vizuri kuliko sisi kwamba mbwa ni najisi.

Nisije nikaeleweka kwamba Waingereza wamemaliza kila kitu. Wapo wenye mbwa wasiojua haki ya njia. Anamwachia mbwa akimbilie watoto wa watu, na mama wa Kiislamu amesimama anatetemeka, huku mwenye mbwa anapiga kelele kwa mbali kwamba hana neno, anataka kucheza tu. Mama yule atajuaje? Mtume (s.a.w.) alipowafundisha maswahaba kuipa njia haki yake, kuzuia maudhi ni miongoni mwa aliyoyataja. Mzee wangu alikuwa akiona watu kwa mbali, wawe na hijabu au wasiwe nayo, anafupisha kamba na kusogea pembeni kabla hajaombwa.

Sheria yao nayo inabana. Katika nyika zilizofunguliwa na ile sheria ya mwaka 2000, kuanzia tarehe 1 Machi mpaka 31 Julai mbwa lazima awe kwenye kamba isiyozidi mita mbili, maana ni majira ya ndege wanaotaga chini kwenye majani. Karibu na mifugo ni hivyo hivyo mwaka mzima. Kondoo mwenye mimba akikimbizwa anaweza kuharibu mimba hata kama mbwa hakumgusa, na mkulima akikosa njia nyingine ya kuwaokoa kondoo wake anaweza kumpiga risasi mbwa na sheria ikamlinda. Kinyesi huokotwa kwa mfuko na kubebwa mpaka kwenye pipa, kwa kuwa kinaweza kuwa na vijidudu vinavyowaharibia ng'ombe mimba. Niliona ajabu kumwona mwalimu mstaafu akitembea maili tatu na mfuko ule mkononi. Kisha nikaona si ajabu. Raha yake ilikuwa na gharama, naye aliilipa mwenyewe bila kumsukumia mwenye shamba.

Adhuhuri ikinikuta njiani nilitawadha kwenye kijito, upande wa juu wa pale alipokuwa akinywa mbwa, nikatandika mswala kwenye nyasi. Mzee alimfunga mbwa wake mbali bila kuambiwa, akakaa naye mpaka nikatoa salamu. Raha niliyoiona katika siku zile sikuikuta dalili ya kuiharamisha. Na jambo moja zaidi: Waingereza ambao kwenye basi hawakutazami, njiani wakiwa na mbwa wanasimama, wanakusalimia na kukuuliza utokako. Nimeulizwa habari za Uislamu na Zanzibar kule mlimani mara nyingi kuliko mjini.

Waislamu wa huko wamekwisha kuanza kuyapima mambo haya kwa elimu. Mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester ulimruhusu kijana kipofu kuja na mbwa anayemwongoza, wakamtengea mbwa pahali pake penye mlango, nje ya sehemu ya kuswalia. Sehemu ya swala ilibaki tohara, na kipofu akaipata jamaa.

Kwetu hali ni nyingine. Ukipita Mikocheni au Mbezi utaona mageti yaliyoandikwa "Mbwa Mkali", na ndani ya baadhi yake wenye nyumba ni Waislamu, mahujaji. Siwalaumu kwa kuweka mlinzi. Wapo masheikh wanaokubali kwamba ulinzi wa nyumba unafanana na ulinzi wa shamba. Ninalouliza ni habari za mchana. Mbwa yule anakaa bandani pa mabati kuanzia alfajiri mpaka magharibi, pahali asipoweza kugeuka, kisha tunashangaa anakuwa mkali kupita kiasi na siku moja anamrarua mtoto wa jirani. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, na mbwa yumo. Lakini sisi hatukupaswa kungoja Bunge.

Mara nyingi kijana wa kazi ndiye anayeachiwa mbwa, naye pia ni Muislamu, tena hana hata bomba la pembeni la kujitwaharishia. Tajiri anayemwajiri amnunulie kamba ndefu, glavu na nguo za kazi hiyo, ampe muda wa kuoga kabla ya swala, na amchanje mbwa dhidi ya kichaa. Wakitoka mara baada ya swala ya alfajiri, barabara za ndani bado hazina watu wala magari. Nusu saa inatosha, na wanarudi kabla watoto wa shule hawajaanza kupita.