Kukipima Chama cha Sala

Yako maneno mawili yasemwayo mara nyingi juu ya vyama vya sala vya walei, na yote mawili yana kasoro. Mmoja asema, "Hao ni watu wa rozari, basi ni watu wema, kuna haja gani ya kuuliza?" Mwingine asema, "Chochote kisichoongozwa na padre ni hatari. Tukae mbali nacho." Hao wawili waonekana kupingana, lakini wamepatana katika jambo moja: wote wawili wakwepa taabu ya kupima. Huyu aamini bila kutazama, na yule akataa bila kutazama. Basi nauliza: je, Mkristo wa kawaida, asiye padre wala mtu wa vyuo, aweza kukipima chama cha sala? Na akikipima, atumie kipimo gani?

Swali hili si la mchezo kwetu sisi wa Kagunga na wa vijiji vya pwani hii ya Tanganyika. Njia yetu kubwa ni ziwa, mpaka wa Burundi u karibu, na watu hufika na kuondoka kwa mashua. Mwezi wa Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijaa katika ufuko wetu mwembamba, kipindupindu kikaingia, na meli ya Liemba ikawachukua kwa mafungu mpaka Kigoma. Katika siku kama hizo mtu humtafuta Mungu, na humtafuta mwenzake wa kusali naye. Tena katika vijiji vingi padre hafiki kila Jumapili. Wasalio pamoja jioni, wamwangaliao mgonjwa na kuzika maiti ni walei wenyewe. Kwa hiyo chama chema ni msaada mkubwa, na kwa sababu hiyo hiyo chama kibaya chaweza kuleta madhara makubwa.

Wengine huogopa wakisema kwamba kupima ni kuhukumu, nasi tumekatazwa kuhukumu. Hapo yafaa kutofautisha. Moyo wa mtu ni wa Mungu, wala hakuna kati yetu awezaye kuingia ndani yake. Lakini maneno, matendo na fedha hupita mbele ya macho yetu, nasi tumepewa macho tuyatumie. Mtume Yohane mwenyewe aliwaonya Wakristo wasisadiki kila roho kabla ya kuijaribu. Mtazameni mnunuzi wa dagaa. Hatosheki na wale walio juu ya gunia. Huingiza mkono mpaka chini, apate kujua kama kuna mchanga au walioharibika. Je, amemtukana muuzaji? Hata kidogo. Muuzaji mwaminifu humfungulia gunia kwa furaha. Anayekasirika na kushika mdomo wa gunia, huyo amekwisha kujibu swali ambalo halijaulizwa.

Hicho ndicho kipimo ninachotaka kukieleza: chama chema huvumilia kuulizwa, na chama kibaya hugeuza swali kuwa dhambi.

Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Jina la chama ni mlango tu. Legio ya Maria iliyoanzishwa Dublin mwaka 1921, ambayo Edel Quinn aliieneza Afrika ya Mashariki tangu 1936 mpaka alipofariki Nairobi mwaka 1944, ni chama cha walei ndani ya Kanisa Katoliki. Legio Maria ya Afrika, iliyotokea Nyanza katika nchi ya Kenya miaka ya 1960, ni kanisa jingine lililojitenga na Roma, lenye Papa wake. Basi asemaye tu, "Mimi ni wa Legio," bado hajakuambia ni wa wapi. Na kama jina lilivyo mlango, ndivyo zilivyo njozi, mifungo mirefu, na hata cheti cha serikali.

Haya yalionekana Kanungu, kusini-magharibi ya Uganda. Palikuwa na chama kilichosema kimekuja kuzirudisha Amri Kumi za Mungu. Viongozi wake, Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, walidai kwamba wamepewa maneno na Bikira Maria. Chama kiliandikishwa na serikali. Hata mapadre wachache walikifuata, mmoja wao Dominic Kataribaabo, mtu msomi. Wafuasi walisali na kufunga sana. Lakini waliuza mali zao na kuwakabidhi viongozi fedha, mume na mke walitengwa, na watu walizoezwa kunyamaza na kuongea kwa ishara. Waliambiwa kwamba dunia itakwisha mwishoni mwa mwaka 1999, nayo haikuisha. Tarehe 17 Machi 2000 jengo lao liliteketea kwa moto, watu mamia wakiwa ndani, milango na madirisha yamepigwa misumari. Kisha maiti nyingine nyingi zikafukuliwa katika mashimo. Angalieni, ndugu zangu: dalili ya ubaya haikuwa uchache wa sala. Dalili ilikuwa kwamba hapakuwa na mtu awezaye kuuliza, wala awezaye kutoka. Ndimi zilifungwa zamani, kabla milango haijafungwa.

Karibu zaidi nasi, Kayanza katika nchi ya Burundi, Eusebie Ngendakumana, aitwaye Zebiya, alisema kwamba Bikira Maria humtokea, na watu wengi wakawa wakienda kusali huko kila mwezi, ijapokuwa Kanisa halikukubali. Mwezi wa Machi 2013 polisi waliwapiga risasi watu hao waliokuwa wakisali, na kadhaa wakafa. Wengine wakakimbilia Congo. Na huko Kamanyola, Septemba 2017, askari wa Congo waliwaua wakimbizi wa Burundi zaidi ya 30, wengi wao wafuasi wake. Damu hiyo i juu yao waliofyatua bunduki, wala mtu asiseme kwamba anayekosea katika sala amestahili risasi. Naitaja habari hii kwa sababu moja: wakubwa wakishindana, anayelipa ni mtu mdogo aliyekwenda kusali. Kwa hiyo kupima mapema ni tendo la upendo kwa jirani.

Labda mtu ataniuliza, "Je, tukipima mno, hatutaizima neema ya kweli?" Jibu liko Kibeho, katika nchi ya Rwanda. Tarehe 28 Novemba 1981 Alphonsine Mumureke, msichana wa shule, alisema kwamba amemwona Mama wa Mungu, na wenzake wengi wakamcheka. Ikawekwa tume ya madaktari na tume ya wanateolojia. Walioona wakaulizwa na kuchunguzwa mara nyingi. Miaka karibu 20 ilipita. Tarehe 29 Juni 2001 Askofu Augustin Misago wa Gikongoro alitangaza kwamba ushuhuda wa wasichana watatu waaminika, ingawa waliodai kuona walikuwa wengi zaidi. Maswali ya miaka hiyo yote hayakuiua habari hiyo, bali yaliitenga na nyingine.

Basi tukifika katika chama tuulize mambo manne. La kwanza: chajulikana na nani? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 215, yawapa waamini uhuru wa kuanzisha vyama, kwa hiyo kuanzishwa na walei si kosa. Lakini kanuni ya 305 yaviweka vyama vyote chini ya uangalizi wa wakubwa wa Kanisa. Chama kimwogopacho paroko kisimwonyeshe taratibu zake kina neno. La pili: fedha zaenda wapi? Katika Legio ya Maria habari za mkutano uliopita husomwa mbele ya wote, na mtunza fedha hutoa hesabu. Ikiwa senti chache zahesabiwa hivyo, kwa nini shamba la mtu litolewe bila hesabu? La tatu: yakoje nyumbani? Mtu akiingia chamani akazidi kuwa mume mwema na jirani mwema, hayo ni matunda. Akiwadharau watoto wake na kuwaita jirani wote waliopotea, hayo nayo ni matunda. La nne: anayetoka husemwaje? Wakimwaga kwa amani, chama ni huru. Wakimwapiza na kumtisha kwa magonjwa na moto wa milele, kimekuwa gereza.

Lakini mtu asidhani kwamba ruhusa ya mkubwa yatosha peke yake. Kanungu walikuwako mapadre, na cheti kilikuwako. Ruhusa ya mkubwa haiyaondoi macho ya mdogo. Hata chama kilichoanza vizuri chaweza kuharibika akipatikana kiongozi mmoja asiyeulizwa.

Tena tusisahau sehemu yetu. Watu wengi huenda katika vyama vibaya kwa sababu huko waliitwa kwa majina yao na kuombewa katika ugonjwa, wakati sisi tulipita mlangoni pao bila hodi. Tukitaka kumlinda jirani, onyo halitoshi, tumtembelee.

Basi kila mwenye chama aanze na chake. Na aulize mambo hayo manne kwa heshima, mbele ya wote. Akijibiwa kwa upole, na asali humo kwa moyo mweupe. Akijibiwa kwa vitisho, na atoke maadamu mlango ungali wazi, tena amshike mkono na mwenzake.