Uaminifu wa Mwenye Ruhusa ya Kuondoka

Kila mwaka, ligi kuu ya Kenya inapokaribia ukingoni na hesabu ya pointi ikawa haimtii mtu tena hofu wala matumaini, mazungumzo ya mashabiki huyaacha mabao yakawageukia watu: nani mkataba wake unakwisha, nani anatafutwa na mawakala, nani magoti yamemchosha na sasa atatundika daluga, na nani, akiisha kuwa mchezaji huru asiyefungwa na timu yoyote, atajiandikisha kwa mahasimu. Mjini Machakos mazungumzo haya yana ladha yake ya peke yake, kwa kuwa katika Uwanja wa Kenyatta wanaokuja na kwenda si wachezaji tu, bali hata timu zenyewe. Sofapaka, iliyoanza kama timu ya kanisa jijini Nairobi na ikatwaa ubingwa wa mwaka 2009 katika msimu wake wa kwanza wa ligi kuu, imewahi kuufanya uwanja huo nyumbani kwake, na wakubwa wa Nairobi nao wameupigia hodi kila viwanja vyao vilipofungwa. Mtu wa Machakos, basi, amezoea kumshangilia mgeni kana kwamba ni mwana wa nyumba, ilhali anajua fika kwamba mgeni huyo hajafungua mizigo yote. Na mji wake nao una tarikhi ya kuachwa, kwani ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza katika Ukambani kabla Nairobi haijawa mji, mpaka reli ikapita mbali nao, na mwaka 1899 serikali ikafunga makabati yake ikahamia huko.

Hata hivyo mazoea ya kuachwa hayamfundishi mtu kuridhika na kuachwa. Hukumu inayotolewa juu ya mchezaji anayeondoka ni ile ile kila msimu, nayo ni nzito kuliko jambo lenyewe: ametusaliti. Neno hilo si la michezo, ni la dini na la sheria; hutajwa juu ya mtu aliyevunja ahadi, aliyekula amana, aliyeuza wenzake. Inafaa tulichukue kwa uzito wake na kuuliza kwa utulivu: je, mchezaji aliyemaliza muda wake akaenda anakoitwa ametenda hiana? Na kama hakutenda, je, uchungu wa shabiki hauna msingi wowote?

Maswali haya niliyasikia yakijadiliwa katika kibanda cha chai kisicho mbali na uwanja, baina ya kijana wa bodaboda na mwalimu mstaafu aliyekuwa amelikunja gazeti lake akalitia chini ya sahani ya mandazi ili upepo usilichukue. Kijana alikuwa akimlaumu mshambuliaji mmoja. “Mwalimu, huyu tumemlea sisi,” alisema. “Alikuja hapa hata viatu ni vya kuazima. Leo anaenda, hata kwaheri hana.” Mwalimu akamwuliza, “Kijana wangu, ulimlea na nini? Wewe ulilipa kiingilio, yeye akacheza. Sasa ni nani anayemdai mwenziwe?” Kijana akakoroga chai yake kitambo, kisha akajibu, “Moyo, Mwalimu. Na moyo hautoi risiti.” Kila mmoja wao alikuwa ameshika upande mmoja wa haki, na kazi yangu hapa ni kutafuta mahali ambapo pande hizo mbili zinakutana.

Tuanze na upande wa mwalimu, ambao ni upande wa sheria. Mafakihi wa Kiislamu, tangu karne za mwanzo, walipambanua baina ya mauzo na ijara. Katika mauzo kitu chenyewe huhama milki; katika ijara kinachonunuliwa ni manfaa tu, tena kwa muda unaojulikana na kwa ujira unaojulikana, na muda huo ukiisha, mwenye nyumba hana la kumdai mpangaji ila ufunguo. Mtu huru hauziki. Awezalo kukodisha ni kazi ya mikono yake, au kwa mchezaji, kazi ya miguu yake. Kwa hiyo tunaposema kwamba timu fulani imemwuza mchezaji kwa mamilioni, tunachosema kwa hakika ni kwamba timu imelipwa fidia kwa ule muda wa manfaa uliokuwa umesalia katika mkataba. Na mkataba ukiisha wote, hakuna kilichosalia cha kulipiwa fidia, na mtu anarudi kuwa mali ya Mola wake peke yake.

Jambo hilo laonekana dhahiri, walakini dunia ya kandanda ilichukua muda mrefu mno kulikubali. Katika Uingereza, timu ilikuwa na haki ya kumzuilia mchezaji hata baada ya mkataba wake kwisha, ikakataa kumlipa na ikakataa kumwachilia, mpaka George Eastham alipoishitaki Newcastle United, na mwaka 1963 Jaji Richard Wilberforce akaamua kwamba kanuni hiyo ilikuwa ni kizuizi kisicho halali juu ya mtu kujitafutia kazi. Jaji huyo alikuwa wa uzao wa William Wilberforce, yule aliyepigania kuondolewa kwa biashara ya watumwa katika dola ya Kiingereza. Na msomaji wa pwani yetu, ambako kumbukumbu ya biashara hiyo haijapoa, hahitaji kuelezwa kwa nini jina hilo lilifaa kuwekwa chini ya hukumu ile. Hata hivyo kazi haikukamilika mpaka tarehe 15 Desemba 1995, Mahakama ya Ulaya ilipompa haki Jean-Marc Bosman, Mbelgiji ambaye mkataba wake na timu ya Liège ulikwisha mwaka 1990 lakini akazuiliwa kuhamia Dunkerque, na tangu hapo mchezaji aliyemaliza muda wake katika nchi za Umoja wa Ulaya huondoka bila ya timu yake kudai senti.

Kwengineko desturi ni ngumu zaidi. Katika mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu huko Kanada na Marekani, timu mbili huweza kubadilishana wachezaji bila ya mchezaji mwenyewe kuulizwa, isipokuwa kama mkataba wake umemkinga. Na tarehe 9 Agosti 1988 Wayne Gretzky, aliyekuwa fahari ya Edmonton na ya Kanada nzima, alipopelekwa Los Angeles kwa kubadilishwa na wachezaji wengine pamoja na dola milioni 15, alilia mbele ya waandishi wa habari, na mbunge mmoja akaitaka serikali ya Kanada iingilie kati. Hapo shabiki alihuzunika, na mchezaji akahuzunika, na biashara ikapita katikati yao. Tukio hilo latuonyesha kwamba mara nyingi tunamlaani aliyeondoka, ilhali aliyeamua safari alikuwa amekaa ofisini.

Hadi hapo mwalimu ameshinda. Lakini turudi kwa kijana na moyo wake usiotoa risiti. Tarehe 17 Desemba 2017, katika Uwanja huo huo wa Kenyatta, Kenya ilikutana na Zanzibar katika fainali ya Kombe la CECAFA. Wakatoka 2-2 baada ya muda wa nyongeza, kisha mlinda lango Patrick Matasi akaikata mikwaju ya penalti ya Wazanzibari, na Kenya ikashinda kwa 3-2. Bao la pili la Kenya lilifungwa na Masoud Juma wa Kariobangi Sharks, aliyekuwa mfungaji bora wa ligi mwaka huo. Mwezi uliofuata Juma alikuwa amekwisha jiunga na Cape Town City ya Afrika Kusini, na kabla mwaka mwingine haujaisha Matasi naye alikuwa akiidakia Saint George ya Ethiopia. Je, walipoondoka waliichukua ile jioni ya Desemba wakaenda nayo? Hasha. Kile walichowapa watu wa Machakos walikwisha kukitoa, na kilichokwisha kutolewa hakihamishwi na dirisha la uhamisho. Deni la moyo lipo, kijana hakukosea. Alikosea kudhani kwamba anayedai ni yeye. Ni yeye anayedaiwa, na anachodaiwa ni shukrani.

Nadhani ukaidi wetu katika kulipa deni hili unafichuka vizuri zaidi tukilinganisha namna mbili za kuondoka. Eneo la Machakos limezaa wakimbiaji mashuhuri: Cosmas Ndeti, aliyeshinda mbio za Boston mara tatu mfululizo kuanzia 1993 hadi 1995, na Patrick Makau, mzaliwa wa upande wa Tala, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin tarehe 25 Septemba 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Watu wa namna hii wanapofikia mwisho wa mbio zao, hupewa mkono wa taadhima na kuombewa dua, wala hakuna anayewaita wasaliti. Lakini mchezaji wa miaka 24, mwenye mama wa kulisha na wadogo wa kusomesha, akifuata ujira bora akiwa na nguvu zake, huzomewa. Wote wawili wameondoka na wote wawili wametuacha tukiwahitaji. Tofauti ni moja tu, kwamba wa kwanza alilazimishwa na mwili wake na wa pili alichagua. Tunamheshimu, basi, aliyeshurutishwa na kumwadhibu aliye huru, na kwa kufanya hivyo tunakiri, bila ya kujua, kwamba tulichokitaka kwa mchezaji hakikuwa uaminifu, kilikuwa ni kutokuwa na njia.

Na mtu asiye na njia hawezi kuwa mwaminifu. Mafundisho ya dini yanakubaliana katika jambo hili kwa namna ambayo aghalabu tunaisahau. Katika fikihi, kushurutishwa humwondolea mtu lawama ya alilolitenda; na kwa mantiki ile ile, mema aliyoyatenda mtu kwa sababu mlango ulikuwa umekomewa hayana thawabu kubwa. Katika Biblia, Kitabu cha Ruthu chatueleza habari za Naomi, mjane aliyefiwa na wanawe wawili katika nchi ya Moabu, ambaye aliwaruhusu wakwe zake, Orpa na Ruthu, warudi kwa mama zao, kwa kuwa kifo kilikuwa kimewafungua. Orpa alilia, akambusu, akaenda zake. Ruthu akakataa kuondoka. Kwa karne nyingi wahubiri wamemsifu Ruthu, na ni haki yake, lakini ni wachache wanaotaja kwamba kitabu hakimlaani Orpa hata kwa neno moja. Hakukosa kitu, alitumia ruhusa aliyopewa. Na lau Orpa hangekuwa na ruhusa ya kwenda, kubaki kwa Ruthu kusingekuwa na maana yoyote, kungekuwa ni kukosa usafiri tu.

Kenya inaye Ruthu wake katika michezo, tena katika mpira wa magongo wenyewe, ule wa nyasini. Katika miaka ya 1960 timu ya Kenya, iliyojaa Makalasinga na Wagoa, ilikuwa miongoni mwa zilizo bora duniani. Ilimaliza ya sita katika Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964, na mwaka 1971 ikawa ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza huko Barcelona, baada ya kushindwa na India 2-1. Lakini zilipokuja sheria za uhamiaji na za leseni za biashara mwaka 1967, Waasia kwa maelfu walifunga safari kwenda Uingereza na Kanada, na michezo yao wakaenda nayo. Mwenye kuondoka wakati ule asilaumiwe. Alikuwa na sababu zake, na nyingine alipewa na serikali. Avtar Singh Sohal, nahodha wa timu hiyo, aliyeichezea Kenya katika Olimpiki nne kuanzia 1960 hadi 1972, alibaki, akacheza bila ya ujira wa kutajika, kisha akawa mkufunzi wa timu ya taifa. Kubaki kwake kuna uzito kwa sababu ndege ilikuwako na viti vilikuwako.

Yupo atakayeniuliza: na nchi, je, nayo ni ijara? Mwaka 2003 Stephen Cherono alichukua uraia wa Qatar, akaitwa Saif Saaeed Shaheen, na mwezi huo huo akashinda mbio za mita 3000 kuruka viunzi na maji katika mashindano ya dunia mjini Paris, mbele ya Mkenya Ezekiel Kemboi, na katika mbio hizo hizo kakaye Abraham alikuwa amevaa jezi ya Kenya. Hapa nakiri kwamba shabiki ana hoja yenye nguvu zaidi, kwa kuwa mtu hakuajiriwa na mahali alipozaliwa wala hakutia sahihi. Walakini mkono mtupu haulambwi, na taifa linalomkumbuka kijana siku ya medali tu lina haki ndogo ya kumwuliza mbona amekwenda. Kenya ilimnyima ruhusa ya kushiriki Olimpiki ya Athens mwaka 2004. Ilikuwa na haki ya kikanuni kufanya hivyo, lakini sioni kwamba iliongeza mapenzi ya mtu yeyote kwa nchi yake.

Ikiwa uaminifu ni wa mwenye ruhusa ya kuondoka, basi aliye huru kuliko wote katika jambo hili si mchezaji, ni shabiki. Hakuna mkataba unaomfunga, hakuna mshahara anaoungojea, wala dirisha la uhamisho kwake halifungwi. Angeweza kesho kuacha kulipa kiingilio akabaki na ligi za Ulaya katika televisheni, kama walivyofanya wengi. Akiendelea kuja uwanjani Jumapili baada ya Jumapili, anafanya hivyo kwa hiari, na hiari hiyo ndiyo inayompa adhama. Lakini kitu cha hiari kikigeuzwa kuwa madai hupoteza thamani yake saa hiyo hiyo, na shabiki anayesema “nimekupenda, basi wewe ni wangu” ameirudisha ile pingu ambayo mahakama zilichukua miongo kuivunja.

Kwa hiyo msimu ukiisha, na orodha ya wanaokwenda ikitangazwa, insafu yatutaka tuulize mambo matatu tu juu ya kila jina: je, alitimiza muda wake, je, alicheza kwa nguvu zake zote mpaka siku ya mwisho, na je, aliondoka kwa mlango wa mbele? Na juu ya timu tuulize la nne, ambalo mara nyingi ndilo lenye jibu la kuaibisha: je, ilimlipa haki yake kwa wakati? Aliyetimiza matatu ya kwanza asindikizwe kwa dua hata kama anakwenda kwa mahasimu, na siku atakayorudi na jezi yao apigiwe makofi kabla ya mpira kuanza. Mpira ukianza, kila mtu na apigane na timu ya mwenzake.