Mwenye Dhambi Ni Nani?

Ndugu msomaji, hivi watu wakifa kwa ajali ya kiwanda, mwenye dhambi ni nani? Wengi humsaka mtu mmoja tu. Mimi nakataa.

Tazama Bhopal, India, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984. Maji yaliingia katika tangi la sumu kwenye kiwanda cha Union Carbide. Mtambo wa kuipoza sumu ile ulikuwa umezimwa tangu katikati ya mwaka. Mnara wa kuchomea gesi nao ulikuwa haufanyi kazi, kipande cha bomba lake kimeondolewa. Gesi ikawakuta maskini usingizini. Maelfu wakafa.

Kampuni ikadai ni hujuma ya mfanyakazi mmoja. Haya, tuseme kweli. Je, ni huyo huyo aliyezima mtambo? Ndiye aliyeondoa bomba? Wapi! Dhambi iligawanywa vipande vidogo, kila mtu akabeba chake asisikie uzito.

Na onyo lilikuwepo. Tangu 1982 mwandishi wa habari Rajkumar Keswani alipiga kelele katika kigazeti chake. Hakusikilizwa.

Basi jamani, sisi tunaojifunza kushika kalamu tusingoje maiti. Tuandike bomba lingali habari ndogo.