Sulhu Ikishatiwa Saini, Mwanangu

Mwanangu, najua una hasira. Wewe uliyekulia huku Marekani unauliza kwa nini kaunti yako ilipatana na kampuni za dawa za maumivu zilizoliza nyumba nyingi hivi. Hasira yako ni ya haki. Nimewahi kuketi na mama aliyezika kijana wake kwa vidonge vyao, nikakosa neno, nikamshika mkono tu. Lakini kaa kidogo, nikueleze.

Janga hili halikuanzia vichochoroni. Lilianza na cheti cha daktari. OxyContin, kidonge cha maumivu cha Purdue Pharma, iliingia sokoni 1996, na madaktari wakaambiwa uraibu ni nadra. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilikiri mahakamani kwamba iliuza dawa yake kwa maelezo ya kupotosha. Biashara ikaendelea. Watu wakatoka kwenye vidonge wakaingia kwenye heroini, kisha fentanili.

Kaunti na miji kwa maelfu zikazishtaki kampuni zilizotengeneza, kusambaza na kuuza dawa hizi, na kesi nyingi zikakusanywa Cleveland mbele ya Jaji Dan Polster. Mwaka 2021 wasambazaji watatu wa dawa, McKesson, Cardinal Health na AmerisourceBergen, pamoja na Johnson & Johnson, wakakubali kulipa hadi dola bilioni 26. Kaunti iliyotia saini iliacha kesi yake dhidi yao. Na kadiri zilivyotia saini nyingi, ndivyo fungu la jimbo zima lilivyokua. Ndiyo maana majirani walihimizana.

Wapo waliokataa kupatana na waliowashtaki. Mji wa Huntington na kaunti ya Cabell, West Virginia, walikwenda hadi hukumu, wakashindwa Julai 2022, wakakata rufaa. Huko Ohio, kaunti za Lake na Trumbull ziliyashinda maduka makubwa ya dawa, zikapewa dola milioni 650. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Ohio ikasema sheria ya jimbo hairuhusu madai ya namna hiyo. Siwalaumu waliokataa sulhu hata kidogo. Ila mgonjwa mwenye arosto hangoji rufaa, mwanangu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo rika langu lilipolala. Mwaka 1998 majimbo 46 yalipatana na kampuni za tumbaku kwa zaidi ya dola bilioni 200. Tulishangilia. Kisha kila mmoja akarudi kazini kwake. Hatukwenda vikaoni, hatukuuliza. Mkataba haukuyabana majimbo yazitumie vipi fedha hizo, basi nyingi zikaziba mapengo ya bajeti, na kidogo tu kikaenda kuwazuia vijana wasivute.

Safari hii sharti limeandikwa: katika sulhu ile ya 2021, angalau asilimia 85 ya fedha iende kukabili madhara ya dawa hizi. Hata hivyo, karatasi hailindi fedha peke yake. Zipo kaunti zilizokwisha kununua magari ya polisi. Na wasambazaji wanalipa kwa miaka 18. Utakuwa na watoto wako, madiwani wamebadilika mara kadhaa, na hundi bado zinakuja.

Uponyaji nao ni wa pole pole. Waulize jamaa zetu Dar es Salaam, ambako hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, mwaka 2011. Kwa kawaida mtu anarudi kliniki kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, na wengine huendelea hivyo miaka. Anayeteleza hupokewa tena. Kazi hiyo inataka mshahara wa muuguzi, nauli ya mgonjwa, kitanda cha anayetoka jela, naloksoni ya kumzindua aliyezidisha dozi mkononi mwa kila familia. Haipigwi picha vizuri kama gari jipya, lakini ndiyo inayookoa.

Basi mkutano wa bajeti wa kaunti ukitangazwa, nenda, hata kama umechoka. Uliza fedha za sulhu zimeingia ngapi, zimelipia nini, na nani ametibiwa. Mwaka ujao rudi ukaulize tena. Mchukue na yule mama uende naye.