Wujudi wa Viumbe Wasiokuwapo

Wanafalsafa wa Kiislamu walimtaja anka, yule ndege wa masimulizi, walipotaka kuuliza ni wujudi wa namna gani alio nao kiumbe anayejulikana akilini na asiyepatikana popote nje yake. Naye Ibn Sina aliandika risala juu ya sura batili za jinsi hiyo, akichunguza hali yake baada ya nafsi kuuacha mwili. Suala hilo hunirudia nizitazamapo picha za Max Klinger, msanii wa Kijerumani aliyezaliwa Leipzig mwaka 1857, ambaye aliipaka nta mabamba ya shaba, akayachora kwa sindano na kuyaachia tindikali iyale, hata yakatoa kwa wino mweusi mahuluki ambao jicho halijapata kuwaona.

Katika mfululizo wake wa picha 10 uliochapishwa mwaka 1881, kijana mmoja anaokota glavu ya mwanamke katika uwanja wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu mjini Berlin, na tangu hapo glavu ile inaitawala nafsi yake. Mpaka katika picha ya 9 mnyama mwenye mbawa na mdomo mrefu anaichukua na kuruka nayo usiku, na mikono miwili mitupu, iliyopenya katika vioo vilivyovunjika vya dirisha, inanyooka kumfuata wala haimfikii. Mnyama huyo hayumo katika elimu ya wanyama, lakini majonzi ya mikono ile ni hakika tupu.

Mwanafalsafa Descartes alieleza mwaka 1641 ya kwamba wachoraji, hata wabunipo nguva na watu wenye miguu ya mbuzi, huchanganya tu viungo vya wanyama mbalimbali. Nami nakubali, kwa kuwa kuumba pasipo kitu ni sifa ya Mwenyezi Mungu peke yake. Walakini kuchanganya nako kuna maana yake. Katika mfululizo mwingine wa mwaka huohuo, uitwao Intermezzi, Klinger aliwachora viumbe walio nusu mtu na nusu farasi, si katika utukufu wa mahekalu ya Wayunani, bali katika theluji, wakipigania sungura aliyekufa kama wapiganavyo wote wenye njaa. Na katika picha nyingine mmoja wao anakimbizwa na watu waliopanda farasi, hata mwindaji na mwindwa wakawa wa asili mbili zilezile, mtu na farasi, isipokuwa kwa huyu zimeungana na kwa wale zimetengana.

Wako wasemao kwamba picha kama hiyo ni urongo, kwani kiumbe huyo hakuwapo kamwe. Lakini wapanda farasi wale nao hawakuwapo: Klinger aliwatoa katika dhana yake ileile, kwa sindano ileile, juu ya shaba ileile, na hakuna hata mmoja wetu aliyewadai ushahidi.