Vumbi la Kizota Lina Meno

Mlinzi wa ghala letu ana redio ndogo ya betri mbili. Kila Jumamosi jioni huivua mfuko wa nailoni, akafungua mfuniko wa nyuma, akatoa betri na kupangusa springi zake kwa kitambaa kikavu. Kisha huipuliza, huigonga kidogo kwenye kiganja, na kuifunga tena. Nilipomwona mara ya kwanza nilidhani imeharibika.

"Haijaharibika, karani," alinijibu. "Vumbi la hapa lina meno. Usipolitoa linakula."

Nilicheka. Mimi mtu wa kompyuta na mahesabu nifundishwe kutunza vyombo na mzee anayenisalimu "Mbukwenyi" kila asubuhi huku ameshika rungu!

Asiyekaa Kizota huenda analijua jina kwa ajili ya ule ukumbi uliowahi kufanyiwa mikutano mikuu ya CCM. Sisi tunaokaa huku tunakujua kwa malori na maghala. Dodoma mvua ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na zenyewe hazizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Ikifika Agosti, upepo unapoanza kazi yake, ukifuta meza saa mbili asubuhi, saa nne unaandika jina lako juu yake kwa kidole.

Katika vumbi hilo niliishi mwaka mmoja na kifaa cha kusomea vitabu ambacho nyumbani tulikiita kibao. Majirani walikiita tableti iliyokosa rangi. Aliniletea binamu yangu anayeishi Uingereza, Septemba ya mwaka juzi, aliposikia nimeanza mitihani ya Bodi ya Wahasibu. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya waranti: mwaka mmoja tangu siku ya kununua. Niliikunja vizuri nikaiweka kwenye faili la nyaraka za kiwanja, na toka siku hiyo sikuisoma tena.

Kwa mtu anayesoma usiku, kile kibao kilikuwa neema. Kioo chake si kama cha simu. Ndani yake kuna vifuko vidogo mno, kila kimoja hakizidi sana unene wa unywele, na ndani ya kila kifuko kuna chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji tofauti. Umeme ukipita, nyeusi zinapanda juu au zinashuka, na herufi inajiandika. Wino huo ulitoka kwenye maabara za chuo cha MIT kule Marekani, na kampuni ya E Ink ikaanzishwa kuutengeneza mwaka 1997. Utamu wake ni kwamba herufi ikishaandikika haihitaji umeme ili ibaki. Umeme unatumika pale unapogeuza ukurasa tu, ndiyo maana chaji moja inamaliza wiki kadhaa. TANESCO wakikata, wewe unaendelea na tochi yako kama anayesoma gazeti.

Agosti mwaka uliofuata kibao kikaanza ukaidi. Nachomeka waya, taa haiwaki. Nauinamisha kidogo upande wa kulia, inawaka. Baada ya wiki mbili kuinamisha hakukutosha. Ikabidi niweke kiberiti chini ya waya ili usimame kwa pembe fulani ninayoijua mimi peke yangu. Mke wangu akauliza kwa nini kiberiti kinakaa chumbani. Nikamwambia kinasaidia kuchaji. Akaniangalia.

Mwezi huohuo binamu yangu alikuja msibani. Alikaa siku nane, akarudi Uingereza na begi jepesi. Waranti ilikuwa imebakiza wiki tatu. Ningeweza kumwambia, "Ndugu yangu, kile kifaa kina tatizo, kirudishe dukani." Sikumwambia. Nilijiuliza ataonaje: mtu kakuletea zawadi kwa fedha yake, nawe unamrudishia kama nguo iliyombana mtoto. Kwetu zawadi hupokelewa kwa mikono miwili, na kuikosoa mbele ya aliyeitoa ni utovu wa adabu. Alipouliza kama kibao bado kinanifaa, nilimwambia kinanifaa sana. Leo nikipiga hesabu naona gharama yote ilianzia kwenye sentensi hiyo.

Oktoba kikazima kabisa, kikiwa kimeganda kwenye ukurasa unaoeleza namna ya kukokotoa uchakavu wa mali. Mtihani ulikuwa Novemba. Nikakimbilia faili la kiwanja, nikakunjua karatasi: waranti imekwisha siku 19 zilizopita. Nilijiona yatima. Na yatima mwenye haraka hufanya mambo ya ajabu. Badala ya kujiuliza kibao kimepatwa na nini, nikauliza nani anaweza kukifungua. Nilihisi kwamba, maadamu hakuna tena wa kunikataza, basi kufungua ndiyo hatua inayofuata.

Nikakipeleka kwa kijana anayetengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi. Kijana mchangamfu, mkono mwepesi, simu yangu aliibadilishia kioo kwa dakika 20. Alikigeuza kibao mara moja, hakukichomeka popote.

"Hiki ni kioo, mzee wangu. Kimekufa."

"Lakini kinaonyesha maandishi."

"Ndiyo, kimestaki. Elfu 30 nakufungulia, tunaangalia na betri humohumo."

Nilipaswa kusita hapo. Chombo ambacho huonyesha maandishi hata kikiwa hakina umeme, utajuaje kioo chake kimekufa kabla hujakipa umeme? Ila mimi nilikuwa nawaza Novemba. Akawasha mashine ya hewa moto, akakipasha kingo kama anavyopasha simu, akaingiza kadi ya plastiki ubavuni na kuisukuma. Nilisikia mlio mdogo sana, kama kucha inayokatika. Mstari mwembamba ukapita katikati ya ukurasa, kutoka pembe hadi pembe.

"Aisee," akasema.

Simlaumu sana. Alikitendea kibao kama simu, kwa sababu simu ndizo anazozijua. Kwenye simu unachokutana nacho kwanza ni kioo kigumu cha juu, na kikivunjika kina badala yake. Visomeo vingi mambo yake ni kinyume: juu ni laini, kioo kimejificha nyuma ya tabaka la wino, chembamba mno, kimebeba saketi zinazoamrisha kila nukta. Ukikipinda kidogo kinapasuka, na wino umegandishwa juu yake, hivyo hubadilishi kipande, unabadilisha chote. Bei ya kioo hicho na nauli ya kukileta inakaribia bei ya kibao kipya. Nilishukuru Mungu kwa jambo moja: hakuwahi kufika kwenye betri na bisibisi. Betri za lithiamu hubandikwa kwa gundi, na ukitoboa mojawapo, moto wake hauzimwi kwa kupuliza.

Usiku ule nilisoma kwenye simu habari za Worldreader, shirika lililopeleka visomeo vya Kindle shuleni Ghana, na baadaye Kilgoris, Kenya. Katika jaribio lao la kwanza Ghana, lililoanza mwaka 2010, takriban asilimia 40 ya vifaa vilivunjika, na vioo ndivyo vilivyoongoza kwa kilio. Nilifarijika vibaya, kama mtu aliyefeli anapogundua darasa zima limefeli. Lakini wale walikuwa watoto wa shule.

Siku tatu baadaye mwenzangu kazini akanielekeza kwa dada mmoja mjini, anayetengeneza kompyuta mpakato na vipimia sukari vya zahanati. Ana meza ndogo, taa yenye kikuzio, na kiti kimoja cha mteja. Hakushika bisibisi. Aliniuliza maswali kwanza, kama daktari: kilianza lini, kilianza vipi, ulikuwa unachajia nini, uliwahi kukibonyeza kitufe kwa muda gani?

"Kidogo tu, kama ninavyowasha."

"Vingi vya namna hii, kaka, vikiganda unabonyeza mpaka sekunde 40. Unahesabu kabisa. Watu wengi wanaachia kwenye kumi."

Kisha akavuta taa, akakisogeza kibao chini ya kikuzio, akaniambia niangalie tundu la chaji. Niliona ukuta mwekundu. Pale ambapo vilipaswa kuonekana vipini vya shaba, palikuwa na udongo ulioshindiliwa, umechanganyika na nyuzi za mfuko wa suruali yangu, umekuwa mgumu kama tofali. Kila nilipochomeka waya nilikuwa naushindilia zaidi. Kiberiti changu kilikuwa kinamsaidia mshindiliaji.

Alichukua kijiti cha meno cha mbao. Si sindano, alisema, chuma kinaweza kugusanisha vipini. Akachokoa taratibu, akageuza kibao tundu likiwa chini ili kilichong'oka kidondoke nje, akachokoa tena. Ikatoka punje moja iliyo kamili, yenye umbo la tundu lenyewe, ikaanguka juu ya karatasi nyeupe. Akachomeka waya. Ukaingia mpaka mwisho, na ukalia *tik*, mlio ambao sikuwa nimeusikia tangu mwezi wa sita.

Taa ya chaji ikawaka.

Tuliangalia ile taa, sote wawili kimya. Baada ya nusu saa akabonyeza kitufe. Nusu ya chini ya kioo ikajaribu kujiandika upya na kutoa mistari kama ya pazia. Nusu ya juu haikutikisika. Ukurasa wangu wa uchakavu ukabaki palepale.

"Kingekuja hapa kwanza ungenilipa elfu tano," alisema. Na elfu tano ndiyo aliyochukua.

Halafu akanifanyia jambo ambalo sikulitarajia. Alichomeka kibao kwenye kompyuta, na kompyuta ikakitambua kama inavyotambua flashi. Kioo kilikuwa kimekufa, tumbo lilikuwa zima. Makabrasha yangu yote ya PDF yalikuwemo, na faili moja la maandishi lililokuwa limekusanya kila mstari niliouwekea alama mwaka mzima. Yakahamia kwenye flashi kwa dakika nne. Vile vitabu vitatu nilivyovinunua kwenye duka la watengenezaji wa kibao havikuhitaji hata hilo: vilikuwa vimefungwa kwenye akaunti yangu, na vingefunguka kwenye simu yangu tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimepoteza siku nne kulilia vitabu vilivyokuwa mfukoni.

Nikampigia binamu na kumweleza yote, kuanzia Agosti. Alinyamaza kidogo.

"Ndugu yangu, si ungesema tu? Nilikuwa na begi tupu."

Akaniambia kwamba kule Uingereza, kwa sheria yao ya walaji ya mwaka 2015, waranti ya kampuni ikiisha haki ya mnunuzi dhidi ya duka haiishi siku hiyo. Kwa sehemu kubwa ya nchi anaweza kudai hata ndani ya miaka sita, ingawa baada ya miezi sita ya mwanzo ni juu yake kuthibitisha kwamba ubovu ulikuwepo tangu mwanzo. Hata huku kwetu Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa, waranti iwepo isiwepo, na ndiyo maana risiti ya dukani ni ya kutunzwa kuliko boksi. Lakini nani angethibitisha nini? Udongo wa Kizota si kosa la duka la Uingereza.

Hata hivyo akawaandikia watengenezaji. Walijibu kwa upole. Kwa vifaa vilivyopitisha waranti, walisema, wakati mwingine wanaweza kumpa mteja punguzo la kununua kingine. Wakauliza swali moja: je, kifaa kimewahi kufunguliwa?

Binamu akanitumia swali hilo bila kuongeza neno. Nikalijibu kwa ukweli, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mtihani niliufanya kwa makaratasi niliyochapisha stationeri, kurasa 340, kwa bei ambayo sitaki mke wangu aisome humu. Mlinzi nilimpelekea kava la kibao. Anatunzia daftari lake la zamu. Alikigeuza kile kijitofali cha udongo nilichokihifadhi kwenye karatasi, akakinusa, akatikisa kichwa, kisha akaendelea kupangusa springi za redio.

Kibao kipo juu ya rafu sebuleni. Ukurasa wake wa nusu bado unasomeka vizuri, mweusi na mweupe kama jana. Wageni hudhani kinafanya kazi. Mwanangu mdogo hukipitishia kidole kutoka kulia kwenda kushoto, kama alivyoniona nikifanya, kisha hukaa akisubiri kigeuke.