Saa Sita za Mbudya

"Hii kanga ina mchanga," mama aliniambia Jumamosi moja usiku, mwezi wa Januari. "Kaikung'ute nje kwanza, usije ukaujaza kitandani." Kisha akarudi kwenye hesabu zake za mauzo.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimemuaga kwamba nakwenda maktaba, chuoni Mlimani. Mlimani hakuna ufukwe, na mama anajua. Hakuuliza kitu. Nilitoka uani nikaikung'uta kanga gizani, nikarudi kulala, na tangu hapo nimeufikiria ukimya wake kuliko ninavyoifikiria tasnifu yangu.

Nilikuwa nimetoka kisiwani Mbudya na mchumba wangu. Tulikaa saa sita tu, tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Hakuna la kusimulia kwenye magazeti. Lakini safari ile iliniachia swali ambalo mpaka leo sijalimaliza: je, watu wawili wana haki ya kuondoka machoni pa watu, hata kwa siku moja, ikiwa wale wanaowaacha nyuma hawajawahi kuondoka?

Tunaishi Kariakoo, katika moja ya nyumba chache za Kiswahili zilizobaki mtaani kwetu. Vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi katikati, uani nyuma, baraza mbele. Kulia na kushoto yamesimama maghorofa ya maduka. Sisi tuna vyumba viwili, vingine vina wapangaji. Kuta hazikufika kwenye bati, kwa hiyo mtu akipiga chafya chumba cha kwanza anaitikiwa "afya" kutoka chumba cha sita. Ukitoka nje unakutana na vipaza sauti vinavyonadi bei, mikokoteni, na wateja waliotoka Lubumbashi, Lusaka na Moroni kufunga mzigo. Mtu wa Kariakoo anapishana na maelfu wasiomjua kila siku, ila hawezi kuwakwepa ishirini wanaomjua.

Mwenzangu alikuwa ameshaleta posa, na sehemu ya mahari imelipwa. Hatukuwa tunajificha. Tatizo letu lilikuwa dogo na gumu: tulihitaji kuzungumza. Alikuwa amepata kazi Dodoma. Kila aliyesikia alitupongeza, na kila aliyetupongeza alikuwa na maoni yake. Wapo walionikumbusha kwamba siku hizi Dodoma ni jirani, treni ya umeme ipo. Wapo waliosema mke hukaa alipo mume, shahada baadaye. Wapangaji wawili walishalijadili jambo hilo uani wakati wakifua, mimi nikiwa chumbani nawasikia.

Tungezungumzia wapi? Sebule hatuna. Barazani kuna wazee na bao lao. Mgahawani ukimaliza chai mhudumu anaanza kufuta meza, kwa sababu kuna mwingine amesimama anaingoja. Coco Beach kuna mihogo mizuri, lakini muziki wake unataka mtu apige kelele ili asikike. Gesti zimejaa tele, na binti akionekana anatoka gesti, hata kama alikwenda kusoma gazeti, habari itamtangulia kufika nyumbani.

Ndiyo tukaenda Mbudya. Daladala ya Tegeta hadi Mtongani, bodaboda hadi Kunduchi, kisha boti. Kaskazi ilikuwa inavuma, jua la kiangazi limeshaanza kuchoma, maji yameng'aa hadi unaona chini. Mbudya, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975. Sababu yake ni nyepesi kueleza. Matumbawe na samaki wakisumbuliwa kila siku hawazaliani, na pwani hii imeumizwa sana na uvuvi wa baruti. Nilimwambia mwenzangu kwamba serikali imewapa samaki kitu ambacho sisi wa Kariakoo bado tunakitafuta. Alicheka. Kilikuwa kicheko cha mwisho kwa muda mrefu.

Kwa sababu tuligombana. Chini ya kibanda cha makuti, changu wawili wa kukaanga wakipoa mbele yetu, alisema alikuwa anadhani nitamfuata mara tu baada ya mitihani. Nikamuuliza alimwambia nani hayo, maana mimi hakuniambia. Nikamwambia kwamba anatafuta mtu wa kumpikia, wala hanitafuti mimi. Lilikuwa neno baya, na nililijua ubaya wake kabla halijamaliza kutoka. Alisimama akaondoka akifuata ufukwe, akawa mdogo, akapotea nyuma ya miti. Nilibaki na samaki na viatu vyake. Hatua chache tu kutoka pale palikuwa na wapenzi wengine, na zaidi yao wengine. Hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyesema, "Jamani, watoto, kuna nini?"

Alirudi baada ya kama nusu saa. Akakaa. Akasema, "Naomba lile tulifute." Tukalifuta. Kisha tukazungumza kweli: yeye aende mwezi wa tatu, mimi nibaki hadi nitetee tasnifu, harusi ifuate hapo. Hakuna aliyeshinda.

Siku ile ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikuwahi kulisoma darasani. Tumezoea kudhani kwamba faragha ya wapendanao ni kwa ajili ya mahaba. Kwetu ilikuwa kwa ajili ya ugomvi. Ningelisema neno lile ukumbini kwetu, lingepata mashahidi, mashahidi wangegeuka wasuluhishi, na wasuluhishi wangelihifadhi. Miaka kumi baadaye mtu angenikumbusha nililosema. Neno lililosikiwa na watu wengi halifutiki, hata kama aliyeambiwa amesamehe. Kwa hiyo faragha inatupa nafasi ya kukosea na kusahihishana kabla kosa halijawa sifa ya mtu.

Sasa nije kwenye hesabu, maana mimi ni mtoto wa mfanyabiashara. Nauli, bodaboda, boti, kiingilio cha hifadhi, kibanda, samaki na chipsi, maji na soda: tulitumia elfu tisini na mbili. Mama anauza vitenge kwenye fremu ndogo. Akiuza vizuri, faida ya kitenge kimoja ni elfu mbili. Saa zetu sita zilikuwa vitenge arobaini na sita.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka yenye malipo, isiyopungua siku 28. Mama hana mwajiri, kwa hiyo hana wa kumsainia likizo. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 24, linasema kupumzika ni haki ya kila mtu, na mimi ninaamini hivyo. Lakini "kila mtu" wa Kariakoo akifunga fremu siku moja, mteja anavuka barabara na huenda asirudi. Mwaka 2025 mkoa ulizindua mpango wa biashara kwa saa 24 sokoni kwetu. Kibiashara ninauelewa. Ila nilipousikia nilimwangalia mama miguuni.

Kuna majibu mawili ya haraka kwa jambo hili, na yote mawili yamenishinda. La kwanza linasema ni aibu kwenda kujilaza ufukweni wakati mzazi wako amesimama juani. Lakini tukilifuata hadi mwisho, haki itakuwa ni sisi sote kuchoka sawasawa, na sioni nani atafaidika. La pili ndilo linalozunguka kwenye simu zetu: jipende, jipe raha, maisha ni yako. Nalo linasahau kwamba ada yangu inatoka kwenye vile vitenge. Mimi niliweza kuondoka kwa sababu mtu mwingine alibaki. Basi lipo deni. Swali ni namna ya kulilipa.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la kijinga. Nilipolipwa kwa kazi ndogo ya kukusanya takwimu, nilimpa mama laki moja. "Wewe na baba nendeni Mbudya," nikasema, na hapo nikagundua nimeshajitaja mwenyewe.

"Tukafanye nini?"

"Mkae tu, mama."

"Tukakae? Kwani hapa tumesimama?" Alicheka hadi akashika ubavu. Kisha akaikunja ile pesa, na kesho yake akaongezea mzigo. Baba hakuambiwa hata jina la kisiwa.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaona kilichonikasirisha. Nilitaka wapumzike ili mimi nipumzike. Nilikuwa nataka risiti. Na nilikuwa nimeamua kwamba watu waliokaa kwenye ndoa miaka ishirini na saba, wakalea watoto wanne katika vyumba viwili, hawajawahi kuwa peke yao mpaka mimi niwalipie boti.

Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi, ambaye nyumba ilikuwa yake. Tulipokuwa wadogo alikuwa na maradhi ya miguu yenye ratiba. Siku nyingi baada ya swala ya adhuhuri, baba akirudi kula na mama akiwa amemwachia mtu fremu, bibi alituita wote barazani tumkande. Wa kwanza mguu wa kulia, wa pili wa kushoto, wengine wanapepea. Ukitaka kuingia ndani kunywa maji, bibi alikuwa na maji palepale pembeni. Asubuhi na jioni miguu ile ilikwenda hadi Gerezani na kurudi bila kulalamika. Nimefika umri huu ndipo nimeelewa kwamba bibi hakuwa mgonjwa.

Katika Suratun-Nur, aya ya 58, wanaoishi ndani ya nyumba, hata watoto ambao hawajabaleghe, wanatakiwa kuomba ruhusa kabla ya kuingia kwa wakubwa katika nyakati tatu: kabla ya swala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya swala ya isha. Nilifundishwa aya hiyo madrasa kama adabu ya watoto. Leo naisoma kama jibu kwa watu wasio na nafasi. Mwaka 1929 Virginia Woolf aliandika kwamba mwanamke anayetaka kuandika hadithi anahitaji pesa na chumba chake mwenyewe, na hakukosea. Lakini ambapo chumba hakipo, aya ile inagawa saa. Neno lenyewe, faragha, tumelipata kwenye Kiarabu, ambako mzizi wake unabeba maana ya kuwa tupu, ya kumaliza shughuli na kupata nafasi. Kwa hiyo hata wakati unaweza kuwa na mlango wa kugonga. Hodi, kikohozi cha kujitambulisha, pazia, na kujifanya hukusikia: hivyo ndivyo vilivyokuwa kuta za nyumba yetu, na vilijengwa na wale waliokuwa nje.

Sitaki kuwapamba wazee. Kuta zile hazikuwazunguka wote. Bibi aliwapa saa waliooana. Binti aliyechumbiwa alipewa macho. Akionekana amesimama na mtu kwenye kona, habari ilifika kabla yake, na kijana aliyesimama naye hakuulizwa na yeyote. Najua pia hoja ya khalwa, nimelelewa nayo, na ndiyo sababu tulichagua ufukwe wenye watu, mchana kweupe. Kwa hiyo safari ya Mbudya siijutii. Kama tungeingoja saa ya kupewa, tungeamuliwa mambo yetu uani, kwenye mabeseni ya kufulia.

Ninachojutia ni maktaba. Nilimdanganya mama kwa sababu nilidhani hajui kumwacha mtu na mambo yake, kumbe alilelewa katika kazi hiyo, na mkwewe ndiye aliyekuwa fundi. Aliona mchanga, akajua, akaniachia. Ule ukimya niliuchukulia kama bahati. Ulikuwa zawadi, na huenda ulimgharimu usingizi.

Nadhani deni la namna hii hulipwa kwa kitu cha aina yake. Laki yangu imegeuka vitenge, na imefanya vizuri. Lakini nyumba bado ina vyumba vyake sita, bibi amefariki, na barazani hapana tena mwenye maradhi ya miguu.

Jumamosi iliyopita baba alirudi mapema, na mama alikuwa amepata mtu wa kumshikia fremu. Walikuwa chumbani, wanabishana polepole juu ya kodi ya fremu. Nilimwambia mdogo wangu, "Twende Mnazi Mmoja tukanywe juisi ya miwa."

"Sina kiu," alisema, macho kwenye simu.

"Utaipata njiani," nikamwambia, nikalirudisha pazia vizuri mlangoni, tukatoka.